Seli Zilizokataa Kupasuka

Katika maabara ile ya orofa ya pili, kila mtu alijua kwamba Mama Seli hatupi sahani bila kuiangalia mara ya mwisho. Hata kazi iwe imekwisha, majibu yameandikwa, watu wameshavua glavu na kuanza kuulizana habari za chai, yeye ataichukua ile sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, ataiweka tena chini ya hadubini na kutazama kishimo kimoja baada ya kingine. Akimaliza atanong'ona maneno mawili matatu ya kumshukuru Muumba kwa uhai aliouweka hata kwenye kitu kisichoonekana kwa macho. Ndipo anamimina dawa na kuitia sahani kwenye ndoo ya taka.

“Mama Seli anazika,” wenzake walimtania. “Tuje na maua?”

“Njooni na ufagio,” aliwajibu. “Sakafu yenu inatia aibu.”

Aliingia kwenye maabara ile akiwa mwosha vyombo, na cheti chake cha sekondari kimekunjwa ndani ya bahasha ambayo hakuna aliyeomba kuiona. Kwa miaka mitatu aliosha chupa. Fundi wa zamani aliyekuwa akilea seli alipoanza kuumwa mgongo, alimwita kumsaidia, kisha akamfundisha kazi yote: jinsi ya kuzilisha, kuzihamisha, kuzigandisha kwenye tangi la baridi kali na kuziamsha tena. Fundi yule alikuwa na mambo yake. Maabara wakati huo ilikuwa na seli chache, kwa hiyo sahani moja ilitumiwa siku mbili au tatu. Ukitaka kupima majimaji yaliyo juu ya seli, ilibidi uyanyonye kwa pipeti, ule mrija mwembamba wa kuvutia majimaji, kama unavyoondoa utando juu ya maziwa, bila kuzigusa seli zilizolala chini. Ukizitibua, ulipata maneno. Mama Seli alijifunza hivyo, na mkono wake ukazoea hivyo.

Basi miaka ikaenda. Kisha ukaja mwaka ambao ndani ya nyumba yao unatajwa kwa sauti ya chini. Binti yake wa pekee, Mungu amlaze mahali pema, alirudi kutoka shule Jumatatu akilalamika kidonda mguuni. Jumanne homa. Jumatano hospitali. Alhamisi, kabla jua halijasimama vizuri, daktari wa wodi alitoka akivua barakoa.

“Vijidudu viliingia kwenye damu, Mama,” alisema. “Tumevipiga kwa dawa, lakini mwili wenyewe ulishaanza kujichoma. Seli zikifika hapo zinapasuka tu.”

Daktari wa watu hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka na alitafuta namna ya kusema. Lakini Mama Seli aliondoka na maneno yale yakimzunguka kichwani. Zinapasuka tu. Yeye alikuwa amelea seli miaka kumi na mitatu. Alijua kwamba ndani ya seli hakuna kinachotokea tu. Kila kitu kina mlango, na kila mlango una mwenye ufunguo.

Baada ya siku za msiba alirudi kazini. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa, mwanamama mfupi wa maneno machache, akasimama mbele ya meza.

“Profesa, seli ya mtu mgonjwa inapasuka tu?”

Profesa akavuta kasha tupu la glavu, akaligeuza, akachora duara kwa kalamu.

“Hii ni seli mlinzi. Kijidudu kimeingia ndani yake. Ikishatambua kwamba imevamiwa, inajiua yenyewe, ili kijidudu kisipate pa kuzaliana na ili wenzake wapate habari. Kuna protini ambayo siku zote imefungwa. Siku hiyo inakatwa, na vipande vyake vinakwenda kwenye utando, yaani ngozi ya seli. Vinajipanga duara na kutoboa matundu. Maji yanaingia, seli inavimba.”

“Mpaka inapasuka.”

“Zamani vitabu viliishia hapo. Inavimba mpaka inapasuka yenyewe, kama puto. Sasa inajulikana kuna protini ya pili. Hiyo inaishi kwenye utando maisha yote, imetulia. Seli ikifa, zile protini zinashikana mkono, zinajipanga safu, na kuuchana utando kama mtu anavyofumua nguo kwenye mshono. Ndipo vitu vyote vya ndani vinamwagika nje. Vikimwagika kwa wingi, seli za jirani nazo zinashtuka, na moto unaenea mwili mzima.”

“Kwa hiyo yuko anayepasua.”

“Yuko.”

“Basi nipe kazi iliyo karibu naye,” alisema Mama Seli, akatoka kwenda kuvaa koti.

Hivyo ndivyo alivyohamia kwenye meza ya kifo cha seli, na hapo akakaa miaka sita.

Katika mwaka wa sita zilifika seli walizokuwa wakizingoja. Zilitoka mbali, ndani ya sanduku linalofuka moshi wa baridi, baada ya miezi minane ya vibali na barua. Zilikuwa seli walinzi kama zile za kawaida, isipokuwa zilikuwa zimeondolewa jeni ya ile protini ya pili. Maana yake zingeweza kufa, zingeweza kutoboka matundu, lakini yule mpasuaji hakuwemo. Kwa kuzilinganisha na za kawaida, Profesa alitaka baadaye kujaribu dawa za kumzuia mpasuaji huyo. Mama Seli alizipokea kama mtu anayepokea mgeni wa heshima. Alizilisha mwenyewe hata siku za mapumziko, akitoka kanisani na viatu vya ibada miguuni.

Wakati huohuo alikuwa amefika mtafiti mpya aliyemaliza masomo ya juu ng'ambo, ambaye wote walimwita Daktari. Alikuwa mtu nadhifu na mchapakazi. Wiki yake ya kwanza aliandika mwongozo wa kila kipimo na kuubandika ukutani, ili watu wote wafanye kazi kwa namna moja. Katika kipimo cha kupasuka, mwongozo ulisema hivi: tia dawa ya kuziua, subiri saa moja na nusu, vuta na kurudisha majimaji mara tatu yapate kuchanganyika sawasawa, kisha chukua kiasi fulani na kukipima kwa rangi. Kama vitu vya ndani vimemwagika, maji yanageuka mekundu. Kama havikumwagika, yanabaki meupe.

Siku ya Jumanne, Daktari na Mama Seli walipima zile seli ngeni, kila mmoja na sahani yake. Seli za kawaida ziligeuka nyekundu kwa wote wawili. Lakini zile zisizo na mpasuaji, kwa Daktari zilikuwa nyekundu vilevile, na kwa Mama Seli zilikuwa nyeupe kama maji ya bomba.

“Mama, ulisahau kutia dawa,” alisema Daktari.

“Sikusahau.”

“Basi ulichanganya chupa.”

“Baba, mimi nimelea watoto saba wa ndugu zangu kwenye nyumba moja, wakiwemo mapacha, na sijawahi kumwogesha mmoja mara mbili. Leo chupa mbili zinishinde?”

Watu wa meza ya pili walicheka. Daktari hakucheka. “Siyo kwa ubaya, Mama. Lakini umefuata mwongozo?”

“Nimefuata. Ila sikuchanganya mara tatu. Mimi huchukua ya juu.”

“Umeona sasa!”

Profesa alisikiliza pande zote mbili. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Kama seli zile zinapasuka kama nyingine, basi waliozileta walileta zisizo zenyewe, na hakuna haja ya kuendelea kuzitunza. Gari la taka la kwenda kwenye tanuri lilikuwa linakuja Ijumaa hiyohiyo.

“Kesho rudia, Mama Seli,” alisema. “Kwa mwongozo, neno kwa neno, mimi nikiwepo. Zikiwa nyekundu, tutazichoma. Na wewe utapumzika kwenye chumba cha kuoshea, mpaka tujue kosa liko wapi.”

Hakusema kwa hasira, na hilo liliuma zaidi. Chumba cha kuoshea! Miaka kumi na tisa, halafu arudi kwenye mabirika. Hata hivyo, alipofikiri vizuri njiani kwenda nyumbani, aliona kwamba mabirika angeyavumilia. Ambalo hangelivumilia ni kuondolewa karibu na yule mpasuaji aliyekuja kumtafuta.

Jioni mdogo wake, ambaye waliishi naye, alimwona anakunywa chai bila kutia sukari.

“Dada, kwani wao wanasemaje?”

“Wanasema nimekosea.”

“Si ukubali tu yaishe? Mtu mwenyewe kasoma mpaka kaota mvi.”

“Nikikubali yataisha kwao,” alisema Mama Seli. “Kwangu hayataisha. Mimi nimeona meupe. Siwezi kusema nimeona mekundu ili watu wanywe chai kwa amani.”

“Haya. Basi tia sukari kwanza.”

Wakasali pamoja, wakalala.

Jumatano alifanya kila kitu kama ilivyoandikwa. Profesa alisimama kushoto, Daktari kulia. Alitia dawa. Wakasubiri saa moja na nusu. Alivuta na kurudisha, mara moja, mara mbili, mara tatu, kishimo hadi kishimo. Akachukua majimaji, akatia rangi. Wakangoja.

Yalikuwa mekundu. Yote. Hakukuwa na namna ya kubishana.

“Basi,” alisema Profesa.

Daktari aliinamisha uso. Laiti angecheka, Mama Seli angepata pa kushika. “Pole, Mama,” alisema. “Hutokea kwa kila mtu.”

“Niacheni nisafishe,” alijibu.

Walipotoka alibaki peke yake na sahani. Machozi yalimlengalenga, akayapangusa kwa mkono wa koti, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza kwa wengine. Kisha, kwa kuwa mkono haukujua namna nyingine, aliiweka sahani chini ya hadubini.

Kwenye vishimo vyote alivyovipima hapakuwa na seli, palikuwa na matambara. Vipande vya utando vilielea kama karatasi iliyochanwa. Akasogeza sahani hadi pembeni. Huko kulikuwa na kishimo cha akiba. Siku zote aliacha kimoja, cha kumsaidia kama kingine kingemwagika, na hicho hakikuguswa na pipeti tangu kitiwe dawa. Kilikuwa cha seli zisizo na mpasuaji.

Akatazama. Akasimama. Akakaa tena, akatazama.

Kishimo kilijaa mapovu. Seli zilikuwa zimevimba, duara, angavu, kubwa mara mbili ya kawaida, kila moja na doa jeusi katikati, nazo zilikuwa zimekaa kimya kama mapovu ya sabuni juu ya maji ya kufulia. Hakuna hata moja iliyochanika.

Labda dawa haikuzifikia, aliwaza. Labda ziko hai. Alidondosha tone moja la rangi ya buluu ukingoni, pole pole, ile rangi inayozuiwa mlangoni na seli hai na kuingia kwenye seli iliyotoboka. Baada ya dakika chache mapovu yakawa ya buluu, moja baada ya jingine. Zilikuwa zimekufa. Zimetoboka, zimevimba, zimekufa, na hazikupasuka.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Kwa haraka ya kutaka kujua, alichukua pipeti na kufanya kama mwongozo ulivyosema: akavuta, akarudisha. Alipotazama tena hapakuwa na povu hata moja. Matambara matupu.

“Mungu wangu,” alisema kwa sauti. “Nimeula ushahidi.”

Lakini sasa alijua. Mpasuaji hakuwemo kweli, na seli zilikuwa zimesimama zikiwa zimekufa, laini kama povu. Kilichozichana ni pipeti. Seli za kawaida zilikuwa zimeshapasuka kabla ya mkono kufika, kwa hiyo kuzikoroga hakukubadili kitu, na mwongozo kwao ulikuwa sawa kabisa. Kwa hizi ngeni, mwongozo wenyewe ndio uliokuwa mpasuaji.

Alikimbia. Watu wa koridoni hawakuwahi kumwona Mama Seli akikimbia, na mmoja aliuliza kama kuna moto. Alimkuta Profesa anafunga mkoba.

“Naomba sahani moja zaidi. Kesho.”

“Mama Seli…”

“Chupa moja bado iko kwenye kabati la joto la kulelea seli. Nazipanda kwenye sahani sasa hivi, kesho mchana tunapima. Kama ni nyekundu, chumba cha kuoshea nitakwenda mwenyewe, nitapiga deki na koridoni. Ila kesho, kabla mtu yeyote hajagusa kitu, wewe utatazama kwanza kwa macho yako. Naomba hilo tu.”

“Umeona nini?”

“Nilichoona nimekivunja. Nikikisimulia, utakuwa umesikia mdomo wangu. Njoo uone.”

Profesa aliuweka mkoba chini. “Zipande,” alisema.

Alhamisi mchana walikuwa watatu tena mbele ya meza ileile. Saa moja na nusu ilipotimia, Profesa aliinama kwenye hadubini. Alikaa hapo muda mrefu hata Daktari akaanza kuhamisha uzito wa mwili toka mguu mmoja hadi mwingine.

“Daktari,” alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. “Njoo utazame.”

Daktari alitazama. “Zimevimba,” alisema. “Lakini labda bado ni nzima.”

“Tia buluu kwenye kishimo cha pembeni,” alisema Mama Seli. “Ukingoni. Tone moja. Usisukume, iache iteremke yenyewe.”

Alitia. Walisubiri. Mapovu yakaingia rangi mbele ya macho yake.

Kisha wakagawana sahani, wakiacha safu moja ya akiba ya seli ngeni. Nusu ya kushoto Daktari aliifanya kwa mwongozo wake. Nusu ya kulia Mama Seli aliifanya kwa mkono wake, ncha ya pipeti ikigusa uso wa maji tu. Katika kila nusu zilikuwemo seli za kawaida na zile ngeni. Rangi ilipotiwa, kushoto kukawa kwekundu kote. Kulia, seli za kawaida nyekundu, ngeni nyeupe.

Daktari alikuna kidevu. “Nina swali moja, na usinielewe vibaya. Mama anachukua ya juu. Je, kama vitu vimemwagika lakini vimetuama chini? Ndiyo maana niliandika vichanganywe.”

Lilikuwa swali zuri. Mama Seli mwenyewe alilifurahia, kwa sababu usiku alijiuliza lilelile. Alinyoosha kidole kwenye safu ya seli za kawaida, upande wa kulia.

“Na hizi nimechukua ya juu,” alisema. “Mkono uleule. Mbona vyao havikutuama?”

Daktari aliangalia ule wekundu. Akakaa kwenye kigoda. “Na hizi umechukua ya juu,” alirudia, taratibu.

“Basi imetosha,” alisema Profesa.

“Bado,” alisema Mama Seli.

Wote wawili wakamgeukia.

“Imebaki safu moja. Afanye Daktari kwa namna yangu. Kama ni mkono wangu mimi peke yangu unaozibakiza, basi siku nikifa jambo hili limekufa. Lazima litoke na kwake.”

Akampa pipeti. Daktari alijaribu, akavuta kwa nguvu, kishimo cha kwanza kikatibuka.

“Unavuta kama unayenyonya soda,” alisema Mama Seli. “Dole gumba lilegee. Hivyo. Usipumue kwa nguvu hivyo, mwanangu, hakuna anayekufukuza.”

“Wewe ndiye unayenifukuza, Mama.”

“Mimi nimekusimamia tu. Endelea.”

Kishimo cha pili, cha tatu, hadi cha nane alivipata. Rangi ilipotiwa, cha kwanza kikawa chekundu, na saba vilivyobaki vikabaki vyeupe. Daktari aliinuka, akaenda ukutani na kuubandua mwongozo wake.

“Nitajie,” alisema, akichukua kalamu. “Hatua kwa hatua. Nianze na kutazama au na kuvuta?”

“Kutazama,” alisema Mama Seli. “Andika kwa herufi kubwa.”

Profesa alikwenda kupiga simu kuzuia gari la taka lisichukue seli ngeni zilizobaki kwenye tangi la baridi. Aliporudi alimkuta Mama Seli amekaa, mikono mapajani, anatazama sahani. Akavuta kiti karibu naye. Kwa miaka sita hawakuwahi kulizungumza jambo lile, lakini Profesa alikumbuka kasha la glavu.

“Unamfikiria binti.”

“Namfikiria kila siku, leo siyo zaidi.” “Nilikuwa nafikiri kufa na kupasuka ni kitu kimoja. Leo nimeona nafasi katikati yake. Ni ndogo, pumzi tu ya pipeti inaimaliza. Lakini ipo, na Mungu aliiweka hapo. Mtu anaweza kusimama pale akauzuia moto usiende kwa jirani.”

“Ingawa seli yenyewe hairudi.”

“Hairudi. Najua. Wangu pia harudi, nitamkuta mbele ya Muumba wake. Nasema jirani.”

Profesa alikubali kwa kichwa. Kisha akasema ukweli, maana alikuwa mtu wa namna hiyo: kutoka sahani ile hadi dawa inayoweza kuingia kwenye mshipa wa mgonjwa kulikuwa na njia ndefu, huenda miaka kumi, huenda isifike kabisa. Dawa nyingi zinazozuia jambo kwenye sahani huleta balaa mwilini, na mwili nao una sababu zake za kupasua seli.

“Mimi nimebakiwa na miaka kumi na moja hadi kustaafu,” alisema Mama Seli. Aliinuka, akafungua kabati la joto, akatazama kilichosalia ndani ya chupa. “Hizi zikila vizuri leo na kesho, Jumatatu zitatosha sahani nne. Dawa ya kwanza tunajaribu ipi?”